Kunguru na Njia Iliyokuwa Kiziwi

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika pia, ambao ndio wengi na ndio wenye maoni, kwamba katika hospitali moja yenye majengo mawili na bustani moja iliyokauka yupo mtu ambaye woga wake umefikia kiwango cha kuwekewa uzio na kutazamwa na watalii. Waliokaa wasisimame. Mtu huyu akiona watu wamesimama ghafla, hukimbia.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kazini aliitwa Kunguru, kwa kuwa kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, naye alikuwa amekimbiza mabawa yote mawili na mkia juu. Aliogopa lifti. Aliogopa mbwa, hata yule aliyechorwa ukutani kwenye wodi ya watoto. Simu ikilia alishtuka, isipolia alijiuliza wanamficha nini. Kuliko vyote aliwaogopa watu wawili: Mkuu wa Idara, aliyekuwa na sauti ya kuita watu walio mtaa wa pili, na mama mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hakuhitaji sauti kabisa.

Hata ufundi wake aliuchagua kwa woga. Chuoni, wenzake walipokimbilia umeme wa majumbani, yeye alimfuata mwalimu pembeni akamnong'oneza, "Mwalimu, ni kozi ipi isiyopiga shoti?"

"Faiba," akajibiwa. "Ndani hamna umeme. Ni mwanga tu, unapita kwenye uzi wa kioo mwembamba kama unywele."

Akajiandikisha siku hiyo hiyo. Baadaye wakafundishwa kwamba mwanga wenyewe hauonekani kwa macho, na kwamba ukichungulia ncha ya uzi unaweza kuondoka na jicho moja pungufu. Angejitoa, lakini kujitoa kulitaka kuonana na mkuu wa chuo, na huyo naye Kunguru alimwogopa. Basi akawa fundi wa faiba, na fundi mzuri, maana mwoga hukagua mara mbili, kisha hurudi nyumbani, halali, hurudi kukagua tena.

Hapa msomaji avumilie kidogo, asije akapotea kama mgeni kwenye korido za hospitali. Kati ya jengo la zamani na jengo jipya kulikuwa na njia mbili za faiba, kuu na ya akiba. Kila njia ilikuwa na nyuzi mbili, mmoja wa kusema na mmoja wa kusikia. Kila mwisho palikuwa na swichi, yaani kisanduku chenye matundu na vitaa kinachogawa maneno ya kompyuta kwa wenyewe. Njia ya akiba hukaa imejifunga, inasikiliza tu. Maadamu swichi ya ng'ambo inasikika huko, njia hiyo hujua kwamba haina kazi, inatulia.

Balaa huja uzi wa kusikia unapokufa na ule wa kusema ukabaki mzima. Njia inakuwa kiziwi mwenye mdomo. Kwa kuwa haisikii kitu, inadhani imeachwa peke yake duniani, inajifungua na kuanza kusema. Neno linatoka hapa, linavuka, linarudi kwa njia kuu, linatoka tena, linazaa watoto na wajukuu, wote wanazunguka, mpaka mtandao mzima unajaa kelele kama ukoo uliokutanishwa kugawana shamba. Na wakati wote huo vitaa vinawaka kijani, vinakuambia kila kitu ni shwari.

Dawa ipo. Waliobuni swichi waliipa jina refu la kitaalamu, lakini mafundi wa pale waliiita hodi, kwa sababu ndivyo ilivyo. Kila swichi hupiga hodi na kutaja jina lake, halafu inawataja wale inaowasikia upande wa pili. Ukimsikia mwenzako anapiga hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na katika maneno yake yote hakutaji, basi ujue wewe unampata, yeye hakupati. Unafunga mlango papo hapo, unaandika kwa maandishi mekundu, unaita fundi.

Na hodi hiyo, Kunguru alikuwa ameizima.

Hakuizima kwa uvivu. Kipindi fulani vumbi liliingia kwenye ncha za njia ya akiba, hodi ikawa inafunga mlango kila mara, na kila ikifunga ilituma ujumbe mwekundu kwenye simu ya Mkuu. Mkuu hakuwa anaelewa ujumbe ule. Alichoelewa ni wekundu. Alikuwa anapiga simu na kunguruma, "Fundi! Kuna nini tena huko?" na Kunguru anatetemeka mpaka bisibisi inamtoka mkononi. Mwishowe akasafisha ncha, kisha, ili asiusikie tena ule mngurumo, akaizima hodi pande zote mbili. Alimfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele za mwizi. Alikusudia kuiwasha baada ya muda. Kila alipokumbuka, aliukumbuka na mngurumo.

Sasa basi. Mama mkwe akaugua moyo, akalazwa jengo jipya, chumba cha mwisho kwenye korido ndefu. Kifuani alibandikwa nyaya za mashine iliyokuwa ikipeleka mapigo yake mpaka kwenye skrini kubwa mezani kwa wauguzi. Mashine yenyewe ya kitandani ilikuwa na sauti yake, lakini mama mkwe aliiambia mara moja tu, "Wewe, nyamaza," na muuguzi akaelewa kwamba anaambiwa yeye. Akaipunguza mpaka ikawa kama mbu aliye chumba cha jirani.

Asubuhi hiyo Kunguru alikwenda kumjulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia basi, mkwe, mlango hauumi."

"Unajisikiaje, mama?"

"Nilikuwa vizuri, sasa umeniambukiza wasiwasi. Mbona unaitazama mashine kama inakudai?"

"Nakagua tu, mama."

"Nenda kakague huko kwenye kazi yako. Mwanangu alisema ameolewa na fundi, sijaona hata siku moja ukifungua kitu kikafunguka."

Akatoka kinyumenyume, kwa adabu na kwa woga, ambavyo kwake vilikuwa kitu kimoja. Kwenye meza ya wauguzi akasimama kuiangalia skrini. Chumba cha mama mkwe kilikuwa pale chini kulia, mstari wa kijani, mapigo mazuri.

"Yuko sawa huyo, fundi," akasema muuguzi wa zamu bila kugeuka, anapanga vidonge. "Moyo wa msichana."

Kunguru akaitikia kwa kichwa. Kisha kitu kikamgusa mgongoni, baridi, kama mtu amemdondoshea tone la maji kwenye ukosi. Aliitazama saa iliyo kwenye kona ya skrini. Akaitazama ya mkononi. Akarudi kwenye ile ya kona. Ilikuwa imesimama.

"Sista," akasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya kuku. "Hii ni picha."

"Picha ya nini?"

"Picha ya zamani. Skrini imeganda. Hawa wote mnaowaona hapa, ni walivyokuwa huko nyuma. Sasa hivi hamjui chochote."

Muuguzi aligeuka. Akaitazama ile mistari ya kijani iliyotulia kama nyasi kwenye kalenda, na vidonge vikamwagika. Akamwita mwenzake kwa jina mara mbili. Walikuwa wawili kwa korido nzima, na nyuma ya kila mlango palikuwa na moyo usioaminika.

"Sisi tutazunguka vyumbani," akasema tayari anakimbia. "Lakini hatuwezi kuwa kila mlango, fundi. Fanya unalofanya!"

Alilotaka kufanya Kunguru ni kuketi sakafuni. Badala yake miguu ikamchukua yenyewe, ngazi mbilimbili, mpaka kwenye chumba cha mitambo. Akafungua mlango, akaona kila kitaa cha kila tundu kinapepesa kwa pamoja, haraka, kama kundi la watu wanaosema ndiyo ndiyo ndiyo. Alikijua kitu hicho. Alikuwa amekisoma. Na alijua ni nani aliyekifungulia mlango.

Nyuzi mbili za manjano za njia ya kwanza, nyuzi mbili za manjano za njia ya pili. Vibandiko alivyovibandika mwenyewe vilikuwa vimebanduka kwa joto la chumba, viko sakafuni vimejikunja kama maganda. Zote mbili kijani. Moja inasikia, moja ni kiziwi. Akichomoa kiziwi, kelele zitakatika na mtandao utapumua. Akichomoa inayosikia, jengo jipya litaning'inia kwenye kiziwi peke yake, na akigundua na kuirudisha, swichi itaanza kutafakari upya kama mzee anayetafuta miwani. Kila kubahatisha kungekula muda, na huko juu korido nzima ilikuwa inaishi kwa muda huo.

Akanyoosha mkono. Akaurudisha.

Akapiga simu jengo la zamani. Huko alikaa shemeji yake, mdogo wa mke wake, mtoto wa kitindamimba wa mama mkwe, fundi mwenzake, kijana mchangamfu aliyejulikana hospitali nzima kwa jina la Sawa. Ungemwambia nini, Sawa angejibu sawa. Ungemwambia nyumba yako inaungua, angesema sawa, halafu baada ya kitambo angeuliza ni nyumba ipi.

"Shemeji! Mtandao umezunguka, njia moja imekuwa kiziwi. Unanipata?"

"Sawa."

"Chomeka kompyuta yako kwenye swichi moja kwa moja, kwa ule waya wake wa bluu. Washa hodi kwenye matundu yote mawili ya njia za kuvuka. Mimi nawasha huku."

"Sawa."

Kunguru naye akachomeka. Herufi alizoandika zilitokea moja moja, zinachechemea. Akawasha hodi ya kwanza, ya pili. Akasubiri. Hakuna kitu. Vitaa vikaendelea na ndiyo zao.

"Shemeji, umewasha?"

"Sawa."

"Sawa umewasha au sawa umesikia?"

"Sawa nimeelewa."

"Nakuuliza umewasha?"

"Shemeji, tulia basi, nimeshakuambia sawa."

Hapo ndipo jasho lilipomtoka Kunguru kweli. Si jasho la joto. Aliishi miaka yote na neno lile, alilisikia kama watu wanavyosikia feni, na sasa kwa mara ya kwanza aliona lilivyokuwa. Kitaa cha kijani. Neno lililowaka bila kubeba kitu.

"Rudia nilichosema," akasema.

"Ah, shemeji, unanifanya mtoto wa chekechea?"

"Rudia! Niambie nimekuambia nini!"

Sawa akajibu kwa kununa kidogo, "Umesema njia moja ina kelele, nichomoe ya juu. Nimeshaishika hapa, nakusubiri uhesabu."

Ya juu ilikuwa kuu au akiba? Kunguru hakujua. Na kijana ameishika.

"Achia," akanong'ona. Hakuwa na nguvu ya kupaza sauti. "Achia hiyo, ndugu yangu, taratibu, usiivute. Umeachia?"

"Sa..."

"Usiniambie sawa! Sema nimeachia!"

"Nimeachia! Kuna nini?"

"Mama yuko kwenye mashine huku. Mama yako. Skrini imeganda, hakuna anayemwona."

Kunguru akasikia tu kiti kikianguka.

"Niambie tena polepole," akasema Sawa, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Nitarudia kila neno."

Wakaenda hivyo, neno kwa neno, mmoja anasema, mwingine anarudisha. Washa hodi tundu la juu. Nawasha hodi tundu la juu. Washa hodi tundu la chini. Nawasha la chini. Nimewasha, shemeji. Zote mbili, nimewasha.

Wakangoja. Simu ya pili ya Kunguru, ile ya kazini, ikaanza kuwaka: Mkuu wa Idara. Akaitazama ikilia, ikanyamaza, ikalia tena. Kwa mara ya kwanza maishani aliacha simu ya Mkuu ilie. Haukuwa ushujaa. Woga mkubwa ulikuwa umekalia woga mdogo, basi.

"Shemeji!" Sawa akapiga kelele. "La chini limejifunga! Maandishi mekundu! Linasema linakusikia wewe unapiga hodi, lakini hulitaji. Unataja la juu tu!"

Vitaa vya chumba kizima vikasita, kama watu waliosikia sahani imevunjika. Vingine vikazimika. Halafu vikaanza kupepesa kivivu, kimoja hiki, kingine kile, kila kimoja na shughuli zake.

Kunguru alikuwa kwenye ngazi kabla hajakata simu. Alipofika mezani kwa wauguzi, saa ya kwenye kona ilikuwa inatembea. Mistari ilikuwa inatembea. Akatafuta chini kulia.

Chini kulia palikuwa pekundu. Mstari haukupanda na kushuka, ulichafuka tu, kama mwandiko wa mtu anayeandika juu ya mkokoteni, na skrini ikaanza kulia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, sauti iliyokuwa imezuiliwa muda wote ule nyuma ya mlango uliojaa kelele. Muuguzi akatoka chumba cha tatu, akaona, akapita mbele yake kama upepo. Daktari akafuata na kigari. Mlango wa chumba cha mwisho ukafunguka, ukafungwa.

Akabaki kwenye korido. Alijaribu kuomba, akasahau maneno. Kichwani alikuwa na sentensi moja tu: hodi niliizima mimi. Akawaza atakavyomwambia mke wake. Akaijaribu sentensi ile kwa namna mbalimbali, kwa upole, kwa haraka, kwa kulia kwanza, na kila namna ilikuwa na mama aliyekufa ndani yake. Nyuma ya mlango akasikia daktari anasema, "Rudini nyuma." Kisha mshindo. Kisha tena, "Rudini nyuma."

Kisha akasikia sauti dhaifu, ya kuudhika. "Nani amenipiga?"

Akaketi sakafuni hatimaye.

Mchana, mke wake alipokwisha kufika na kukaa na mama yake, Kunguru alivuka kwenda jengo la zamani na kipima mwanga. Swichi ya Sawa ilikuwa inatoa mwanga mzuri. Lakini nusu ya safari, kwenye kisanduku kikuukuu cha kupokea mwanga na kuupeleka mbele, kilichofungwa ukutani, mwanga huo haukufika hata chembe. Na kisanduku kile, kwa upumbavu wake, kiliendelea kuuwasha mwanga wake mwenyewe kuelekea jengo jipya, kama mjumbe anayefika anatabasamu bila ujumbe. Ndiyo sababu kijani haikuzimika.

Akaufuata uzi kwa vidole, kutoka kwenye swichi, nyuma ya kabati, mpaka nyuma ya mlango. Hapo vidole vikagusa kitambaa.

Lilikuwa koti zito la mvua. Limetundikwa kwenye mviringo wa faiba, na uzito wake umeupinda uzi wa manjano kama kiwiko. Kioo kikipindwa namna hiyo hakivunjiki lazima, ila mwanga humwagika pembeni. Akaliondoa koti. Aliporudi kupima kwenye kisanduku, kipimo kikaruka.

"La nani hili?" akauliza, ingawa alilijua.

Sawa alikuwa amesimama katikati ya chumba. "Nilidhani wamenifungia pa kutundikia." Akalipokea koti. "Shemeji, nakuomba, usimwambie mama."

"Na mimi niliizima hodi," akasema Kunguru. "Zamani. Kwa kumwogopa Mkuu."

Wakatazamana, waoga wawili, kila mmoja na nusu ya dhambi. Wakaona afadhali waende pamoja, maana mtu akiuawa akiwa na mwenzake angalau kuna wa kusimulia.

Mama mkwe alikuwa amelala chali, mdogo kuliko alivyokuwa asubuhi, macho yale yale.

"Mbona mmeshikana mikono kama mnaokwenda kuchapwa?"

Wakamweleza. Walipokezana, mmoja akikwama mwingine anamalizia. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza watoto wa watu miaka yote, bila kuwasaidia hata neno moja.

"Kwa hiyo mmoja aliziba sikio, na mwingine akamfukuza mlinzi."

"Ndiyo, mama."

"Na aliyeifanya ile skrini ipige kelele, nani?"

"Ni sisi pia, mama."

Akafikiri. Mashine iliyo kando yake, ambayo sasa ilikuwa na sauti yake kamili na hakuna aliyethubutu kuipunguza, ilihesabu mapigo.

"Nikitoka humu," akasema. Akafumba macho. Hakumalizia.

Katika maisha yake yote ya kutishika, Kunguru hakuwahi kukutana na sentensi ya kutisha kama ile.

Hodi ikaachwa ikiwa imewashwa, na maandishi mekundu yakahamishiwa kwenye simu yake mwenyewe. Mkuu wa Idara alielezwa yote. Alielewa theluthi, na kwa kuwa theluthi hiyo ilikuwa na maneno "mgonjwa amepona", akaitisha mkutano ukumbini, pamoja na kipaza sauti na maua ya plastiki. Akamsimamisha Kunguru mbele ya wafanyakazi wote, akamwekea mkono begani, ule mkono mzito.

"Ndugu zangu," akanguruma. "Kuna saa ambapo uhai na mauti husimama kwenye mizani, na Mwenyezi huinua mtu mmoja! Mtu asiyejua kurudi nyuma! Moyo wa chuma! Leo tunaye hapa. Naomba sasa shujaa wetu atuachie neno, neno la kutubeba sisi, na watoto wetu, na watakaoifanya kazi hii baada yetu."

Akamkabidhi kipaza sauti. Kunguru akakishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na mdomo, kama mtu aliyepewa nyoka wa mwenzake amshikie.

"Msitundike makoti kwenye nyaya," akasema, akarudi kukaa.